Lugha ya Watu Wawili

Watu wengi wa Mbinga walidhani magoti ya Mwalimu yalikuwa na sugu kwa sababu ya rozari. Hapana. Kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa, na padri akianza mahubiri tu yeye alisinzia. Sugu zile alizipata kwa watoto. Kila mtoto aliyefika mlangoni asubuhi alimpigia goti, akamwangalia usoni, akamsalimia yeye kwanza, mzazi baadaye. Hata kama umemleta mwanao kwa lori la tani saba, kama nilivyokuwa namleta wangu, ulisimama ukasubiri zamu yako.

Siku moja diwani alikuja kukagua darasa lake la vidudu. Alisimama mlangoni na tumbo lake na koti lake, na nyuma ya suruali yake kulikuwa na katoto kanatafuta pa kupita. Mwalimu akapiga goti. Diwani akafurahi, akanyoosha mkono.

"Inuka mama, inuka. Sisi ni watumishi wenu tu."

Mwalimu, bila kuinuka, akamjibu, "Sijakupigia goti wewe, mheshimiwa. Umemzibia mtoto njia."

Sisi wazazi tuliokuwa nje tulicheka mpaka diwani naye akaona ni heri acheke.

Anayeandika haya ni mimi, ambaye shule yangu iliishia darasa la pili kule Matiri, baba alipoona mikono yangu inafaa zaidi kuchimba ngolo, yale mashimo ya kilimo ya kwetu milimani, kuliko kushika kalamu. Sioni aibu kulisema, kwa kuwa wale niliowaacha darasani wengi wao baadaye walikuja kuniomba kazi. Serikali ilipofungua milango na watu binafsi tukaruhusiwa kununua kahawa, mimi nilikuwa wa kwanza mtaani kwetu kukodi lori, na msimu wa tatu lori lilikuwa langu. Nyumba yangu ina vyumba saba. Niliijenga nikiwa sijui kuandika jina langu. Penye saini niliweka dole gumba la kulia, ambalo lina kovu limelikata katikati toka juu mpaka chini. Nililipata utotoni kwenye mashine ya kumenya kahawa ya baba. Nikiwaona wenye kalamu wanakunja kunja saini zao nilijisemea moyoni, zenu mtu anaweza kuziiga, yangu nani ataiiga?

Siyo kwamba najisifu tu. Haya ya kwangu yanaingia kwenye habari za Mwalimu, na yanaingia vibaya.

Mwalimu alikuwa na digrii. Jambo hilo liliwatia watu kichaa. Mtu mwenye digrii Mbinga ya miaka ile alitegemewa akae ofisini nyuma ya meza, au afundishe vijana wakubwa wenye ndevu. Yeye aliomba vidudu. Alifundisha watoto wa miaka mitano kushika chaki, kufunga vifungo, kusubiri zamu, kuhesabu punje za mahindi. Kwenye kilabu cha pombe walimwita "digrii ya kuimba." Habari zikamfikia. Jumapili moja baada ya misa akawakuta wanaume wamesimama kwenye ukuta wa kanisa, na mimi nikiwemo, akasimama katikati yetu na mwavuli wake.

"Mche wa kahawa ukiugua mnamwita nani?"

"Bwana shamba," mmoja akajibu.

"Aliyesoma au asiyesoma?"

"Aliyesoma, Mwalimu."

"Na ng'ombe?"

"Daktari wa mifugo."

"Naye amesoma. Ila mtoto mnampa msichana yeyote aliyekosa kazi, amshikeshike mpaka afike darasa la kwanza." Akafungua mwavuli, na wala mvua hakuna, akaondoka. 

Alikuwa hivyo kwa watu wazima. Mkali, tena mkali wa kukukata katikati ya neno. Majina ya wazazi hakuyajua na hakujisumbua kuyajua. Ulikuwa Baba Fulani au Mama Fulani basi. Lakini mtoto aliyemfundisha wiki mbili tu akahama, alikumbuka jina, alikumbuka na kidonda kilichokuwa mguuni. Alikataza peremende darasani, na yeye chai yake aliweka sukari vijiko sita. Alikuwa na fimbo ndefu ya mwanzi ambayo watoto wapya waliiogopa, mpaka mvua iliponyesha wakaona kazi yake: kuonyesha fundi bati linapovuja. Alizaliwa ziwani, huko Chiwanda, na aliogopa maji. Alisema Ziwa Nyasa ni zuri ukiliangalia kutoka Mbinga. Akicheza karata na watoto aliiba, na walipomkamata alicheka mpaka miwani ikamtoka. "Mmeniona? Vizuri. Basi mnaangalia."

Alipofika kwetu alikuwa anajua Kinyasa na Kiswahili, na watoto wengi walikuwa wanajua Kimatengo tu. Walimu wengine waliwachapa hadi waseme Kiswahili. Yeye kwa mwezi mzima aliwaacha watoto wamfundishe. Aliinua kitu, wakamwambia jina lake. Akikosea matamshi wakamzomea. Jioni moja nilimsikia njiani anarudia maneno hayo peke yake kama mtoto anayetumwa dukani anaogopa kusahau alichotumwa. Nilimcheka. Mimi nilicheka mambo mengi wakati ule.

Kuna jambo lingine lililowaudhi watu: alikuwa anasema "sijui." Mama mmoja alimpelekea mtoto anayeanguka kifafa, akauliza, "Atapona lini, Mwalimu?" Mwalimu akasema, "Sijui." Mama akaja kulalamika kwangu, kwa sababu watu walikuwa wanakuja kulalamika kwangu, nilikuwa mtu mkubwa kwenye kamati ya wazazi. "Ana digrii na hajui? Mganga wangu hana hata darasa moja, na anajua." Mimi nikamwambia Mwalimu akwepe neno hilo, linashusha heshima yake. Akaniangalia juu ya miwani.

"Baba Skola, ningemdanganya, ungenisifu?"

Skola ni binti yangu. Jina lake la ubatizo ni Skolastika. Alipokuwa na miaka miwili alipata homa kali, tukakaa naye hospitali wiki tatu, akarudi nyumbani mzima wa mwili lakini hasikii kitu. Ungeweza kupiga honi ya lori nyuma yake, asigeuke. Nilijaribu mwenyewe, mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Majirani walimwita bubu. Mimi nilikuwa na uwezo wa kumlisha na kumvika kuliko mtoto yeyote mtaani, na nilimvika, lakini alikuwa anakaa kwenye gunia la kahawa uani kama mzigo unaosubiri gari. Akitaka kitu alilia, na sisi tukampa kimoja kimoja mpaka anyamaze.

Nilimpeleka kwa Mwalimu akiwa na miaka mitano, kwa kuwa mama yake alining'ang'aniza. Mwalimu akapiga goti. Hakumsemesha. Akatazama mtoto anaangalia nini. Skola alikuwa anaangalia miwani yake. Mwalimu akaweka vidole viwili juu ya pua yake mwenyewe, pale miwani inapokaa. Akangoja. Skola akaweka vidole viwili juu ya pua yake. Basi, hilo likawa jina la Mwalimu, na lilikuwa neno la kwanza mwanangu kulisema duniani.

Baada ya hapo yakaja mengine, mawili leo, moja kesho. Kahawa ilikuwa kusugua kidole kwa dole gumba, kama unamenya tunda. Mama ilikuwa fundo la kilemba kisogoni. Mvua, njaa, maji ya moto, kesho. Kuuliza ilikuwa kiganja kinachofunguka kuelekea juu. Mimi nilikuwa ngumi inayovuta kamba ya honi hewani, mara mbili. Nililipenda jina hilo. Niliwaambia madereva wangu wote: ninyi mnaitwa kwa majina ya watakatifu, mimi naitwa kwa honi. Lakini maneno mengine sikujifunza. Nilikuwa na msimu, nilikuwa na magunia, na nilikuwa najua kwamba Mwalimu yupo. Ukihitaji kujua Skola anataka nini, unampeleka kwa Mwalimu, anakuambia. Ilikuwa rahisi kama kumpa karani barua akusomee.

Darasani kulikuwa na daftari moja kubwa. Kila mtoto alikuwa na ukurasa wake. Alitandaza mkono juu yake, Mwalimu akauzungushia wino, na mzazi akaweka dole lake pembeni, hata kama anajua kuandika. Kila muhula ukurasa mpya. Alipenda kukaa na daftari lile wakati wa mapumziko, akifunua taratibu, akilinganisha mikono ilivyokua. Aliwahi kuniambia kwamba angemtambua kila mzazi wake kwa dole. Nikamtania, "Langu hata kipofu angelitambua." Akapapasa kovu kwenye karatasi, akatabasamu. Hakuwa mtu wa kutabasamu kwa wakubwa.

Skola alipofikisha miaka saba Mwalimu aliniita. Nilimkuta amekaa kwenye kiti kidogo cha watoto, na mimi nikakaa kwenye kingine, kikanivunjikia. Kwa kawaida angecheka.

"Baba Skola, nimefika mwisho wa ninachokijua."

"Mbona anaendelea vizuri, Mwalimu? Juzi amemwambia mama yake chumvi imezidi."

"Anayejua maneno hayo ni yeye na mimi. Mkeo anajua machache. Wewe unajua honi. Hiyo ni lugha ya watu wawili, na lugha ya watu wawili haimfikishi mtu popote. Nikifa leo ataongea na nani?"

Ndipo akaniambia kwamba juu ya digrii kuna masomo mengine, miaka miwili, na kwamba yapo ya walimu wa watoto wadogo, pamoja na watoto wasiosikia, wasioona, na wale ambao akili zao zinakwenda polepole. Huko kuna watu wanaojua alama ambazo viziwi wa nchi nzima wanaongea. Ameomba, na ana matumaini ya kukubaliwa. Bado ruhusa ya ofisi ya elimu.

Awali alishawahi kuniambia kuna shule ya bweni ya viziwi, mbali, nimpeleke Skola. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mwanangu hatalala bwenini kama yatima wakati mimi nina vyumba saba. Hakurudia. Sasa alikuwa ananiambia anaondoka yeye. Mimi kichwani nilisikia kitu kimoja tu, miaka miwili. Nilimwona Skola amerudi kwenye lile gunia la kahawa.

Hapa ndipo nilipofanya nilichofanya, na nitakiandika kama kilivyokuwa.

Niliwaita wazazi uani kwangu. Nilichinja mbuzi. Nilimwambia katibu wa kamati alete karatasi na kidau cha wino.

"Andika kwamba tunampenda sana Mwalimu."

"Nimeandika."

"Andika kwamba watoto wetu bila yeye wataharibika. Andika asiruhusiwe kuondoka."

Katibu akainua kalamu. "Hiyo iwe ombi, au iwe pingamizi?"

"Iwe kali."

Mama mmoja, yule wa mtoto wa kifafa, akauliza, "Na yeye mwenyewe anajua?"

"Mtu umpendaye unamwomba ruhusa ya kumpenda?" nikamwambia, na watu wakacheka, wakapiga makofi, kwa sababu nilisema vizuri na nyama ilikuwa inaiva. Nilikuwa wa kwanza kuweka dole. Wengine wakafuata. Jumatatu niliwapakia kumi na zaidi kwenye lori, tukaenda ofisini tukiimba, na bwana aliyepokea barua ile alitusifu. Alisema hajawahi kuona wazazi wanaothamini elimu namna hii. Nilirudi nimejaa fahari. Kwa siku mbili nzima niliamini nimemfanyia Mwalimu heshima ambayo hakuna mwalimu wa Mbinga aliwahi kuipata.

Jumatano mchana nilimwona kupitia dirishani anaingia uani na bahasha mkononi. Ile imani yote ikanitoka. Nikajua amesikia, amekuja kugomba. Nikamwambia mama Skola, "Mwambie nimesafiri." Nikakaa chumbani, mwanaume mzima, kwenye nyumba yangu mwenyewe, nikisikiliza. Aliambiwa nimesafiri, akasema atangoja kidogo. Alipewa chai. Sukari vijiko sita, nilisikia anakoroga. Kisha hapakuwa na sauti tena, na nilijua wanaongea na Skola. Nilichungulia. Skola alikuwa amesimama mbele yake, mikono inakwenda haraka haraka, anacheka kwa ile sauti yake isiyo na mpangilio, na Mwalimu anamjibu huku bahasha ameibana kwapani. Walikaa hivyo karibu saa mbili. Halafu akaondoka na bahasha yake.

Wiki iliyofuata ofisi ilimnyima ruhusa. Shule ya vidudu ilifungwa siku moja. Moja tu. Siku ya pili nilimpeleka Skola nikiwa nimejiandaa kwa maneno yote ya duniani, nikamkuta mlangoni, goti chini. Akaweka vidole viwili puani, Skola akamjibu. Kisha akaniinulia uso.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Baba Skola, Jumamosi njoo na kalamu."

Nikaenda. Alinifundisha kuandika jina langu. Baada ya hapo akanifundisha na mengine, Jumamosi baada ya Jumamosi, misimu mitatu, mpaka nikaweza kusoma gazeti na kuandika habari kama hizi ninazoziandika. Nilimletea darasani viti kumi vipya badala ya kile nilichovunja. Nilipomuuliza kwa nini ananifundisha bure, alisema, "Mtu mzima aandike jina lake mwenyewe kwenye mambo yake." Nilimshukuru. Nilidhani ananiheshimu.

Skola aliendelea naye hadi akawa msichana mkubwa, anakaa nyuma na vidudu, akiwagawia chaki. Maneno yao hayakuongezeka sana. Mwalimu alijaribu kubuni mapya, lakini alisema neno la kubuni siyo kama neno la kurithi, halina watu nyuma yake. Kisha alianza kuugua presha, akastaafu mapema, akarudi kwao ziwani aliko mdogo wake. Siku ya kuaga watoto waliimba. Skola alisimama pembeni, vidole viwili vimekaa puani, hakuvitoa mpaka basi lilipopotea.

Baada ya hapo mikono ya mwanangu ilinyamaza. Siwezi kusema vingine. Alichambua kahawa yangu kuliko mtu yeyote, jicho lake halikosi punje mbovu. Lakini jioni aliweka mikono mapajani ikakaa kimya kama vyombo vilivyooshwa. Mama yake alimsemesha kwa yale machache. Mimi nilivuta honi, akatabasamu, tukaishia hapo.

Ilipita zaidi ya miaka kumi tangu ile barua ndipo tuliposikia Mwalimu amepata kiharusi. Nilikuwa na gari dogo wakati huo, jipya, nikampakia Skola tukashuka kwenda Chiwanda. Barabara inateremka kutoka milimani kwa kona ambazo madereva wangu wanaziogopa, mimi siziogopi. Ziwa lilipotokeza, Skola alinyoosha kiganja, akakiyumbisha, akaniangalia. Nikajua lazima hilo ni neno lao la ziwa. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua.

Tulifika saa nne asubuhi. Mdogo wake alikuwa anaanika usipa, dagaa wa ziwani, kwenye kichanja, akatuonyesha kivulini kwenye ukuta wa nyumba. Mwalimu alikuwa kwenye kiti, amegeuzia ziwa mgongo. Upande wa kulia wote ulikuwa umekufa. Mkono umelala kwenye kanga kama si wake. Maneno yalimtoka taratibu, kwa upande mmoja wa mdomo, lakini yalikuwa yake.

Skola hakunisubiri. Alikwenda akapiga goti mbele yake. Mwalimu akainua mkono wa kushoto, akaweka vidole viwili puani. Wakaanza. Nilisimama nyuma na mfuko wangu wa sukari na kahawa niliyoikaanga mwenyewe. Mwalimu alikuwa anakwama. Maneno yao mengi yalitaka mikono miwili, na yeye alikuwa na mmoja. Akianza neno, lilibaki nusu hewani. Skola akalitazama nusu lile. Kisha akauchukua ule mkono uliokufa, akaukunjua kidole kimoja kimoja, akaupandisha mahali pake ili neno litimie. Akaushika hapo. Mwalimu akaendelea na mkono wa kushoto, na Skola akawa anamwekea wa kulia, neno baada ya neno, kama mtu anayemsaidia mwenzake kuvaa koti.

Sikuweza kuvumilia. Nikasema, "Mwalimu, kuna jambo sikukuambia. Ile ruhusa yako. Ile barua ya wazazi."

"Dole lako lilikuwa la kwanza," akasema. "Limejaa wino. Na ule mstari katikati. Yule bwana ofisini alinionyesha. Akaniambia nina bahati, napendwa."

"Ulijua. Miaka yote ile."

"Nilijua siku ile ile waliyoninyima."

"Na ukanifundisha kuandika."

 Akasema, "Nilikuja kwako na bahasha kabla sijajua."

"Nilidhani umekuja kugomba."

"Mkeo akasema umesafiri. Lori lilikuwa uani." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nimeomba nafasi mbili, Baba Skola. Ya kwangu, na ya Skola. Kwenye shule ya watoto viziwi, jirani na chuo. Siyo bweni. Angelala kwangu. Sikutaka kukuambia mpaka nishike karatasi. Siku ile nilikuwa nimeshika zote."

Kuku walikuwa wanapita pita chini ya kichanja cha usipa, na mdogo wake akiwafukuza kwa kanga. Hayo ndiyo niliyoyaona. Nilihesabu kwa akili, Skola angekuwa na miaka tisa anaporudi. Angekuwa na maneno ya nchi nzima. Leo angekuwa mwalimu, labda, au mke wa mtu, au mgomvi tu anayegombana na watu sokoni. Kilichokuwa kinatakiwa ni mimi kutoka chumbani.

Nikasema, "Mwambie. Nakuomba mwambie mimi ndiye. Mwambie namwomba msamaha."

"Mwambie mwenyewe."

"Sijui maneno."

"Basi chuchumaa. Hakuoni huko juu."

Nikachuchumaa. Mimi ni mtu mzito, magoti yaliniuma. Uso wa mwanangu ukawa mbele yangu, karibu kuliko nilivyowahi kuuona tangu alipokuwa na ile homa. Nikamuuliza Mwalimu, "Samehe mnasemaje?"

 Mkono wake wa kushoto ulipanda kidogo, ukarudi.

"Hilo hatuna," akasema. "Tuna kahawa, tuna mvua, tuna njaa. Maneno ya mtoto wa miaka saba. Hilo nilitaka kwenda kulichukua."

Skola alikuwa ananitazama machoni, ananiona nalia, na hajui kwa nini. Akakunja ngumi, akavuta honi hewani mara mbili, polepole. Kisha akafungua kiganja kuelekea juu, akangoja.

Nilibaki pale nimechuchumaa, mikono yangu mbele yake, mikubwa, haina kitu.